Kura unayoweza kuihakikisha lakini usiyoweza kuionyesha



Tulipokutana Lwiro kupanga uchaguzi wa komite mpya, hoja ya kwanza ilikuwa ya pesa tu. Nusu ya wanachama wako mbali: Bukavu, Goma, Uvira, wengine Kampala na Bujumbura. Kutoka Bukavu mpaka Lwiro ni kilometa kama 45, na kwenye matope ya mvua mtu wa pikipiki anakutajia bei anayotaka yeye. Ndugu mmoja akasimama akasema, "Tupige kura kwa telefone, tumalize." Makofi yakapigwa, na mimi nilipiga.

Kulikuwa na mzee tuliyemwalika kama mshauri, mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti, CRSN. Akaacha kelele zipungue, akauliza: "Na nyuma ya ile telefone, nani atakuwa anasimama?"

Mimi ndiye niliyesoma enformatike, kwa hiyo nikapewa kazi ya kumjibu. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua wiki tatu, na nilichopata nakiandika hapa kwa sababu swali la mzee ni kubwa kuliko komite yetu.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Tarehe 20 Desemba 2023, siku ya uchaguzi, jirani yangu mmoja, kijana wa masomo, alirudi nyumbani amefurahi. Mtu alikuwa amemwahidi franka elfu 10. Sharti lilikuwa moja: "Unilete foto ya karatasi, njo nikupatie." Kijana aliingia, akachagua, akapiga foto, akatoka, akalipwa. Nikamwambia ameuza haki yake. Akanitazama kama mtu asiyeelewa: "Yaya, siku zote wananidanganya bure. Leo angalau wamenilipa."

Sikuwa na jibu zuri. Lakini angalia ile foto ni kitu gani. Ni risiti. Bila risiti mnunuzi hawezi kununua, kwa sababu mtu anaweza kupokea pesa, kuingia ndani, na kumchagua mwingine kabisa. Na anayetisha ni hivyo hivyo: akikuambia "ole wako ukimchagua fulani", vitisho vyake vina nguvu tu kama anaweza kujua ulichofanya. Mnunuzi na mtishaji wanahitaji kitu kimoja: ushahidi mkononi mwako.

Sasa shida ndiyo hiyo. Sisi wasomi tunapenda kusema: kila mtu apewe uwezo wa kuhakikisha kwamba kura yake imehesabiwa. Sawa kabisa. Lakini njia rahisi ya kumhakikishia mtu ni kumpa risiti iliyoandikwa alivyochagua, na ukishampa hiyo, umempa mnunuzi mashine ya kununulia. Tunataka kura ambayo mwenyewe anaweza kuihakikisha, lakini hawezi kuionyesha, hata akitaka, hata akilipwa, hata akishikiwa panga. Ukitaka ugumu wa jambo lote, uko ndani ya maneno haya: hata akitaka. Siri ya kura tumezoea kuiita haki, kitu mtu anaweza kukitumia au kukiacha. Hapa lazima iwe sheria inayomfunga mwenyewe, kwa sababu siri unayoweza kuiacha, mtu mwenye nguvu atakulazimisha uiache.

Afrika yetu imeshajaribu ncha zote mbili. Kenya, mwaka 1988, chama cha KANU kilitumia mlolongo katika uteuzi wa wagombea: watu wanapanga foleni nyuma ya wakala wa mgombea wao, wanahesabiwa hadharani. Kwa upande wa kuhakikisha, hakuna teknolojia duniani inayoishinda foleni. Mtoto wa miaka saba anaweza kuhesabu. Lakini chifu anakuona, mwajiri anakuona, baba mkwe anakuona. Na bado, kwa sehemu fulani, mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi, maana foleni ikishatawanyika hakuna kinachobaki cha kuhesabu tena. Hapa kwetu, mwaka 1970, Mobutu alisimama peke yake: karatasi ya kijani ilikuwa ya matumaini, nyekundu ya machafuko. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa kura zaidi ya milioni 10, na waliomkataa 157. Nani angeinua nyekundu mbele ya watu?

Ncha ya pili ni mashine inayomeza kura na kutapika jumla. Siri imetimia, lakini kuhakikisha hakuna. Unaambiwa: amini.

Watu wengi wanafikiri mashine zetu za 2018 zilikuwa za aina hiyo. Hazikuwa, na inafaa tulijue hili vizuri. Zile mashine za kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini, zaidi ya laki moja, zilifanya hivi: unapokea karatasi, unaiingiza, unagusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine inachapisha chaguo lako juu ya karatasi, unaitazama kwa macho yako, unaikunja, unaitia kwenye sanduku. Jioni, karatasi zinahesabiwa kwa mkono mbele ya mashahidi wa vyama. CENI yenyewe ilisema hesabu yenye thamani ni ile ya mkono. Kwa karatasi ya mtaalamu wa usalama, huo si mpango mbaya hata kidogo! Mashine ni kalamu ya bei kali, basi. Ilikuwa na kasoro, ndiyo: karatasi zilibeba QR kodi, na wataalamu waliogopa kwamba kodi hiyo inaweza kusaidia kujua nani alichagua nani. Raia nao walishamaliza hukumu. Kwa Kifaransa, kati ya voter na voler, yaani kuchagua na kuiba, tofauti ni herufi moja tu, na jina la mashine likageuzwa hivyo nchi nzima.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018, isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi, ambako uliahirishwa mpaka Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa. (Watu wa Beni walipiga kura yao wenyewe siku ile ile, kwa foleni na karatasi walizotengeneza, ili tu ionekane kwamba wako tayari.) Kesho yake intaneti ikakatwa, kwa karibu wiki tatu. Tarehe 10 Januari CENI ikamtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu akipata karibu 34.8. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na watazamaji kama elfu 40, wakasema takwimu hizo hazilingani na walizokusanya wao. Mahakama ya Katiba ikathibitisha tangazo la CENI.

Sitaki kufungua tena hapa kesi ya nani alishinda. Nataka tuangalie mnyororo ulikatikia wapi. Mpiga kura aliona karatasi yake. Mashahidi waliona hesabu ya biro. Kisha fomu za biro zote zikaenda kujumlishwa, na CENI haikutoa hadharani matokeo ya biro kwa biro ili mtu yeyote ajumlishe mwenyewe. Wote walikuwa wanabishana juu ya mashine, kumbe pengo lilikuwa kwenye kujumlisha, kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kama angepewa namba.

Linganisha na Kenya ya 2022. Tume yao iliweka kwenye mtandao picha za fomu 34A, moja kwa kila kituo, vituo 46,229. Magazeti, vyama, vijana wenye kompyuta, kila mmoja akajumlisha kwake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu hata hivyo, lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa nazo.

Na 2023 kwetu ikatufundisha tundu jingine. Mashine zilikutwa kwenye nyumba za watu binafsi. Januari 2024, CENI ikafuta kura za wagombea 82, na uchaguzi mzima wa wabunge wa Masi-Manimba na Yakoma. Fikiria: mtu amekaa chumbani kwake na mashine na mapakiti ya karatasi. Kila karatasi inayotoka ni safi, ya siri kabisa, imechapishwa vizuri. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba kura zimehesabiwa sawa. Lazima ijulikane pia kwamba kila kura ina mtu mwenye haki nyuma yake, na hilo tena bila kujua ni kura ipi ya mtu yupi.

Sasa wanahesabu wamefanya nini? Wamefanya mengi, na mengine ni mazuri kiasi kwamba nilisahau kula.

Mwaka 1994, Josh Benaloh na Dwight Tuinstra waliandika wazi lile sharti la kura isiyo na risiti. Tangu hapo kazi ilikuwa kutafuta namna ya kumpa mtu uhakika bila kumpa ushahidi. Mfumo unaojulikana kwa kura ya mtandao ni Helios, wa Ben Adida, 2008. Chuo kikuu cha kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, kiliutumia 2009 kumchagua rekta wake, kati ya watu kama elfu 25 waliokuwa na haki ya kushiriki. Unafanya kazi hivi: kompyuta yako inaifunga kura kwa ufunguo wa namba, halafu inakupa alama fupi ya ile kura iliyofungwa. Alama zote zinabandikwa hadharani. Unaangalia yako ipo. Alama haisemi ulichagua nani.

Utauliza: nitajuaje kama kompyuta imefunga nilichochagua, na si kingine? Nenda soko la Katana kununua maharagi. Magunia yamefungwa. Muuzaji anaapa yote ni mazuri. Wewe unasema: fungua lile la katikati. Linafunguliwa, linamwagwa, unaona. Hilo lililomwagwa hulichukui. Unachukua jingine, ambalo halijafunguliwa. Muuzaji hakujua utachagua lipi, kwa hiyo akiwa na tabia ya kuchanganya mawe, mnunuzi mmoja au wawili watamkamata. Kwenye Helios ni hivyo hivyo. Kura ikishafungwa unaweza kusema "fungua", uone ndani. Ile ikifunguliwa inatupwa, unaanza upya. Ile unayoituma haikufunguliwa kamwe. Kompyuta haijui utamwaga lini, na watu wachache wakimwaga, wizi mkubwa hauwezi kujificha.

Kuhesabu nako kuna uzuri wake. Chukua bahasha zilizofungwa, zenye majina nje. Mtu wa kwanza anaondoa majina, anaifunga kila moja ndani ya bahasha mpya, anazichanganya, anampa wa pili. Wa pili anafanya hivyo, na wa tatu. Ilimradi mmoja kati yao ni mwaminifu, hakuna anayejua bahasha ipi ilitoka wapi. Namba zina uwezo ambao bahasha hazina: kila mchanganyaji anatoa uthibitisho wa kihesabu kwamba hakuongeza wala hakupunguza, bila kusema alichanganya vipi. Wazo la wachanganyaji ni la David Chaum, 1981.

Basi mbona tusichukue hiyo? Kwa sababu mzee alishauliza. Helios haimuoni mtu aliyesimama nyuma ya telefone. Adida mwenyewe alisema ni ya mahali ambapo shinikizo ni dogo: vilabu, vyama, vyuo. Kura ukiitoa chumbani, chumba kina mume, kina mkubwa wa kazi, kina yule mwenye franka elfu 10.

Kuna jibu la hilo pia, nalo nililipenda sana kwa sababu ni la Kivu kabisa. Mnajua watu wanaosafiri njia mbaya hubeba telefone mbili. Moja nzuri, imefichwa. Nyingine ni kimbembe cha zamani, kioo kimepasuka, cha kuwapa majambazi. Mwizi anaondoka akidhani amepata. Mwaka 2005, Ari Juels, Dario Catalano na Markus Jakobsson walileta wazo hilo kwenye kura: unapojiandikisha, unapata namba ya siri ya kweli, na unaweza kujitengenezea za uongo unavyotaka. Akija mtishaji, unatumia ya uongo mbele yake, au unampa aitumie mwenyewe. Mfumo unaipokea bila kulalamika. Ndani kabisa, baada ya kuchanganywa, kura za namba za uongo zinaondolewa, na hakuna anayeweza kujua ni zipi. Mtishaji hawezi kutofautisha mtu aliyemtii na mtu aliyempa kimbembe. Mwaka 2008 watu wa Cornell waliujenga kwa kweli, wakauita Civitas.

Mimi naona ni kati ya mawazo bora ya enformatike. Halafu nilimfikiria mama mdogo wangu kule juu Kabare. Namba ya kweli ataitunza wapi? Akiisahau, atatumia ya uongo bila kujua, na mfumo hauruhusiwi kumwambia, maana ukimwambia yeye umemwambia na mtishaji. Na kwanza lazima ajiandikishe akiwa peke yake kweli. Hapo tumerudi kwenye kibanda chenye pazia.

Estonia wamechukua njia ya chini zaidi. Tangu 2005 wanapiga kura kwa intaneti, na 2023 zaidi ya nusu ya kura za bunge zilipita huko. Unaweza kupiga tena na tena. Ya mwisho ndiyo inahesabiwa, na ukienda kituoni kwa karatasi, ile ya intaneti inafutwa. Mtu amekulazimisha asubuhi? Jioni unabadilisha. Ni rahisi kueleza, na inategemea kitu kimoja: kwamba mtishaji hatakaa nawe mpaka mwisho, wala hatakunyang'anya kitambulisho. Estonia wanaweza kusema hivyo. Mtu wa Masisi hawezi. 2018 ilisimuliwa jinsi watu wa bunduki walivyowasukuma wapiga kura huko, na mtu wa bunduki hana haraka ya kwenda nyumbani.

Hapa niseme jambo ambalo halinipi raha. Niliwasifu Wakenya kwa kutoa matokeo ya kila kituo. Lakini chukua kijiji chenye biro moja, watu mia kadhaa. Mkubwa wa bunduki ameagiza wote wamchague fulani. Kesho yake matokeo ya biro yanabandikwa, na fulani amepata kura 12. Hahitaji foto ya mtu yeyote. Ataadhibu kijiji kizima. Uwazi unaotulinda na wizi wa Kinshasa ndio unaomfichua mwanakijiji kwa mwenye bunduki. Unaweza kuchanganya masanduku ya biro kadhaa kabla ya kuhesabu, lakini sanduku likisafirishwa bila kuhesabiwa, njiani kuna mambo. Nimetafuta suluhisho safi la hilo, sijaliona. Ningechagua kubandika bado, kwa sababu wizi wa kujumlisha unagusa nchi nzima, lakini ni rahisi kwangu kusema hivyo nikiwa nimekaa Lwiro.

Kuna hukumu moja ya Ujerumani ninayoirudia sana. Tarehe 3 Machi 2009, Mahakama yao ya Katiba ilisema kwamba hatua muhimu za uchaguzi lazima raia wa kawaida aweze kuzikagua bila ujuzi maalumu. Mashine walizokuwa wametumia zikaangukia hapo. Chini ya kipimo hicho, Civitas na wenzake wanaanguka wote, hata kama hesabu zao ni kamili, maana anayeweza kuzikagua ni mtu kama mimi, na mimi naweza kununuliwa.

Nilimsomea mzee haya yote barazani kwake. Yeye alifanya kazi na mashine za kupima matetemeko ya ardhi, enzi za sindano na karatasi. Akasema, "Sisi, mtu akibisha, tulikuwa tunafungua karatasi." Nikamwambia tetemeko halina cha kuogopa likijulikana jina. Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa uchaguzi wa nchi, basi, nabaki na karatasi: ichapwe na mashine au iandikwe kwa kalamu, ionwe na mwenyewe, ihesabiwe mbele ya watu, na namba za kila biro zitolewe, pamoja na idadi ya waliosaini kwenye orodha. Baadaye karatasi chache zichaguliwe kwa bahati nasibu, zikaguliwe upya, kama Colorado ya Marekani wanavyofanya kwa jimbo zima tangu 2017. Telefone ibaki nje ya kibanda. Jirani yangu hatapenda.

Kwa komite yetu nimependekeza mchanganyiko. Walio karibu wapige karatasi, Lwiro na Bukavu. Walio mbali watumie mfumo wa aina ya Helios, kura ya mwisho ndiyo inayohesabika, na anayefika kwa miguu karatasi yake inafuta ya telefone. Kwa wagombea wetu, shinikizo kubwa kuliko yote ni soda na kutumiana uniti, nadhani tutalimudu. Kura zitafunguliwa kwa vipande vitatu vya ufunguo, wakutane angalau wawili, ili mmoja asiweze kuchungulia peke yake, na mmoja akipoteza chake tusipoteze uchaguzi.

Mzee nilimwomba ashike kipande kimoja. Amekataa, anasema hata funguo za stoo yake zimempotea mara tatu. Mpaka leo tumepata watu wawili. Wa tatu anatafutwa: asiwe mgombea, asiwe ndugu wa mgombea, na telefone yake iwe na betri inayokaa. Aliye tayari aje Jumamosi, saa nane, tutamwonyesha jinsi ya kukitunza.